Mwambie Mama Yako

Nina steshenari ndogo hapa Dodoma mjini, hatua chache kutoka mahakamani. Kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, printa inayotafuna karatasi jua likishakuwa kali, na benchi la mbao nje ambako wateja husubiri zamu. Riziki kubwa inatoka kwa wanafunzi wa chuo kikuu na barua za kuomba kazi. Lakini kwa kuwa mahakama iko jirani, wiki haipiti bila mtu kutoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akaiweka kaunta na kusema, "Kaka, nichapie hii." Ukiikunjua, ni ndoa.

Nimezichapa nyingi. Mimi si mwanasheria, na mtu akiniuliza afanye nini humwonyesha mlango wa wasaidizi wa kisheria. Ninachokijua nimekiokota kwa mawakili wanaokuja kutoa kopi, wakaanza kubishana hapo hapo kwenye benchi wakati printa imegoma. Kingine nimekijua kwa njia mbaya zaidi, kupitia dada yangu. Hicho ndicho nataka kukiandika leo, maana nimekikalia muda mrefu.

Kwanza niseme hili. Watu hawaji na neno "ukatili". Hilo ni neno la mabango na la redioni. Wao husema: amenishinda. Ananinyanyasa. Ananisimanga mpaka mbele ya wageni. Sina amani kwangu. Mama mmoja wa Bahi alinieleza kwamba mumewe anaishi naye kama mpangaji anayedaiwa kodi. Nilitamani kuiacha sentensi ile kama ilivyo, ila msaidizi wa kisheria aliyekuja naye akaniambia niandike "mdaiwa amekuwa akimtendea mdai ukatili", nami nikaandika. Ndiyo kazi yangu. Lakini kuna kitu kilidondoka kati ya karatasi ya daftari na karatasi ya printa, na nilikiona kikidondoka.

Sheria yenyewe si ya jana. Sheria ya Ndoa ilipitishwa mwaka 1971, baada ya serikali kutoa mapendekezo yake kwenye Waraka Na. 1 wa 1969, na mengi yalitokana na ripoti ya tume ya Kenya iliyoongozwa na Jaji Spry, ya mwaka 1968. Wakenya wenyewe bunge lao liliigomea miaka nenda rudi, wakaja kupata sheria yao moja ya ndoa mwaka 2014. Kuna wakili mmoja mzee hupenda sana kusimulia jambo hili akisubiri kopi zake, utadhani tuliwafunga mabao.

Sasa, wengi huja wakidhani ukatili ni kama tiketi: unaionyesha getini, unapewa talaka. Sivyo. Kifungu cha 107 kinataka mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka tena. Halafu kinataja mambo yanayoweza kuwa ushahidi wa kuvunjika huko: ugoni, kutelekezwa, kutengana kwa miaka isiyopungua mitatu, mwenzi kufungwa maisha au miaka mitano na kuendelea, na mengineyo. Ukatili umo kwenye aya ya (c), na pale umeelezwa kuwa ni wa kimwili au wa kiakili, uwe umetendwa kwa mdai au kwa watoto wa ndoa. Sheria haikusema mume wala mke, na wanaume pia hunijia na karatasi zao, ingawa wao huja jioni benchi likishakuwa tupu.

Wa kiakili. Neno hilo limo tangu 1971. Na kifungu cha 66 kinasema mila iseme isemavyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Marehemu baba yangu mwaka huo alikuwa kijana anachunga. Alioa, akazaa saba, akazeeka, akafa, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kifungu hicho kipo.

Dada yangu aliolewa mwaka 2003, akaenda Kibaigwa. Mtu anayepita barabara ya Morogoro anapajua: malori, magunia, vumbi la pumba, na madalali wanaokimbizana na kila gari linaloingia sokoni. Shemeji alikuwa mmoja wa madalali wa mahindi pale. Alitoa mahari ya ng'ombe sita na mbuzi kumi bila kuomba kupunguziwa, jambo lililowafurahisha sana wazee wetu. Mwaka 2006 nilipooa mimi, ng'ombe watatu kati ya wale sita ndio waliokwenda kwa wakwe zangu. Kwetu Wagogo hilo halifichwi: dada anaolewa, kaka anaoa. Nalitaja mapema kwa sababu bila hilo, mengine niliyoyafanya hayaeleweki.

Shemeji hakuwa mlevi. Hakuwa na nyumba ndogo, au kama alikuwa nayo hatukuisikia. Kanisani alikuwa mtu wa mbele, kwenye misiba alichangia kabla ya kuombwa. Akikutana na mzee njiani alisimama, akainama, "Mbukwenyi", mikono yote miwili. Ukimleta mtu wa namna hiyo kwenye kikao ukasema ni katili, wewe ndiye utakayetazamwa vibaya.

Mwaka 2010 nilipita kwao nikitoka Morogoro. Ilikuwa mchana, dada alikuwa anasonga ugali wa uwele, mlenda uko jikoni. Nilimwona ametoka kwa mlango wa uani, akakaa kidogo, akarudi amefumba kiganja. Akakifumbulia juu ya sufuria. Chumvi. Nikadhani imewaishia tu. Sikujiuliza mke wa mtu anayeuza mahindi kwa tani anakosaje chumvi ya shilingi mia mbili. Nikala, nikashiba, nikasindikizwa stendi, nikapanda basi.

Niliyoyajua baadaye ni haya. Stoo ya nyumba ile ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwenye mkanda wa shemeji. Kila asubuhi kabla hajaenda sokoni alipima unga kwa kopo, makopo manne, akafunga. Akiwa amekasirika yalikuwa matatu. Chumvi, sukari na mafuta ya kula aliviweka kwenye gari na kuondoka navyo. Dalali wa mahindi. Jioni alirudi ameshakula hotelini, akaletewa chakula, akakitazama, akakichukua na kwenda kuwamwagia kuku huku watoto wanaangalia.

Na alikuwa haongei naye. Mwaka 2011 alikaa miezi saba bila kumtamkia mkewe neno. Kila kitu kilipita kwa mtoto wao mkubwa, wa kiume, aliyekuwa na miaka saba. "Mwambie mama yako shati halijapigwa pasi." "Mwambie mama yako wageni wanakuja kesho." Sebule yao haizidi hatua nne. Baba kwenye kochi, mama mlangoni, mtoto katikati anageuka huku na huku kama mkalimani wa mzungu. Dada alinisimulia kwamba lililomuumiza si yale maneno. Ni kwamba mtoto alianza kuyasema kwa sauti ya baba yake, na kope akizishusha vilevile. Akawa anasemeshwa na mumewe kupitia uso wa mwanawe.

Kumpiga alimpiga mara moja tu, kofi la sikio, mwaka 2009. Alikwenda kituo cha polisi, akaambiwa mambo ya ndani hayo, nenda mkayamalize nyumbani. Hakupewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, na bila PF3 kule hospitali hawakutaka kumgusa. Sikio likapona lenyewe. Kwa hiyo hata lile kofi moja, ambalo kila mtu angelielewa, halikuwa na karatasi.

Kikao cha ukoo kilikaa mwanzoni mwa 2012, nyumbani kwetu, chini ya mkwaju. Baba mkubwa ndiye aliyeongoza. Dada akaeleza: kufuli, makopo, kuku, mtoto. Alieleza kwa mpangilio, maana alikuwa amejiandaa. Alipomaliza, baba mkubwa akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Sawa mwanangu. Alama iko wapi?"

Dada hakujibu. Angeonyesha nini? Shangazi akasema vyombo kabatini havikosi kugongana. Mwingine akasema kwamba yeye kwenye ndoa yake alivunjwa mkono, na leo ana wajukuu. Alilisema kama mtu anayetoa cheti. Si kwetu tu hivyo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 wanawake na wanaume waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kumwambia, akitelekeza watoto au akimnyima unyumba. Zaidi ya nusu ya wanawake walikubali angalau sababu moja, na walikuwa wengi kuliko wanaume. Mimi nikisoma takwimu ile namwona shangazi.

Kisha nikaulizwa mimi, kama kaka. Nikasema, "Dada, vumilia kidogo. Watoto bado wadogo."

Sikuwa nawaza watoto. Nilikuwa nahesabu ng'ombe. Wale watatu mmoja alikuwa amekufa kwa ukame, wawili wamezaa, na wote wako kwenye zizi la mtu mwingine, kwa mke ambaye nampenda na ambaye nimezaa naye. Dada akirudi, shemeji atadai. Akidai, nitatoa wapi? Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema, lakini siku ile kata ilikuwa imesimama mbele yetu inaeleza mtungi una nini, na sisi tukaiambia irudi ndani.

Akarudi.

Alivumilia miezi minne. Alipokwenda kanisani alisuluhishwa mara mbili, kwa maombi. Safari hii hakutuuliza, akaenda mwenyewe kwenye baraza la usuluhishi la kata. Hapa niseme kidogo jinsi linavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo wateja wangu wengi hukwama. Huwezi kuruka moja kwa moja mahakamani. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza, lenye mwenyekiti na wajumbe wawili hadi watano, na Baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Yapo mazingira ya kusamehewa hatua hiyo, kwa mfano mwenzako ametoweka hujui aliko, au ameitwa akagoma kwa makusudi kufika, au kuna hali isiyo ya kawaida inayofanya usuluhishi usiwezekane. Kinachotoka mle ni hati kwenye Fomu Na. 3. Na kwa kuwa fomu ya polisi nayo inaitwa PF3, sijui nimewarudisha watu wangapi waliokuja na moja wakidhani ni nyingine. "Kaka, namba tatu si hii hapa?" Hapana mama, hiyo ni ya kupigwa. Inatakiwa ya kushindikana.

Si utani. Barua ya kawaida ya kata inayosema "tunawaletea shauri hili kwa hatua zaidi" imeshaangusha watu. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta shauri zima la ndoa, kuanzia lilikoanzia chini, kwa sababu hati ya Baraza haikuwa halali. Miaka ya kusota, mkarudishwa mlangoni.

Shemeji aliitwa mara mbili hakutokea. Ya tatu akaja, amevaa suti ya kijivu, amenyoa, amebeba Biblia. Akawasalimia wajumbe mmoja mmoja. Akasema yeye hana tatizo na mke wake, anampenda, nyumba ina chakula, stoo imejaa, mnaweza kuja kuona. Yote kweli. Stoo ilikuwa imejaa. Dada akalipuka. Akapiga kelele, akalia, akamwita majina, akagonga meza ya watu. Mwenyekiti akamwambia atulie, amheshimu mumewe. Ukipita pale dirishani ukatazama dakika mbili, ungeapa kwamba katili ni yule mwanamke.

Nimekuja kuliona jambo hilo mara nyingi kwenye benchi langu. Aliyeteswa huja amechakaa, anarudia maneno, anakasirika ukimwuliza tarehe. Aliyetesa huja na mafaili. Hili wakili hawezi kukuwekea kwenye hati ya madai.

Hata hivyo Baraza lilijaza fomu, kwa kuwa dada alikataa kutoka mle bila fomu. Ilikuwa mwezi wa sita 2012. Akaja kwangu Dodoma na watoto, amechoka, akaniwekea ile hati mkononi. "Mdogo wangu, wewe uko karibu na mahakama. Nisaidie."

Nikaiweka kwenye droo.

Nilimwambia tusubiri mavuno, nauli iwepo. Kisha nikamwambia wazee wanataka kukaa tena. Walikaa kweli, mwezi wa kumi, wakasema yale yale. Kisha Krismasi. Januari ndipo nilipoitoa kwenye droo, nikampa wakili aisome. Akaangalia tarehe, akanirudishia. Hati ya Baraza inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Kifungu cha 106. Hii ina miezi saba. Arudi kwenye Baraza.

Nilichapa maneno mengi maishani lakini sikupata la kumwambia dada siku ile. Nilimwambia printa ya kata ilikosea tarehe. Aliniamini. Akapanda basi, akarudi kwenye lile lile baraza, kwa mwenyekiti yule yule, akaanza upya: kufuli, makopo, kuku, mtoto. Kuhusu droo nilikuja kumwambia ukweli mwaka juzi tu. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchicha.

Shauri likafunguliwa 2013 mahakama ya mwanzo. Lugha ya pale siku zote ni Kiswahili, hata kabla ya marekebisho ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama kwa jumla, hivyo angalau dada alielewa kinachosemwa. Hakimu alikuwa mwanamama, pembeni yake wazee wa baraza wawili, yaani washauri wa mahakama, si wale wa kata. Mawakili hawakuwepo; wenye shauri walihojiana wenyewe.

Mimi nilikuwa shahidi wa tatu. Nikaulizwa niliona nini. Nikaeleza habari ya chumvi: mlango wa uani, kiganja, sufuria. Nilijiona nimesema jambo kubwa. Shemeji akasimama kunihoji, akafunga kifungo cha koti.

"Shemeji, siku hiyo kwangu ulikula?"

"Nilikula."

"Ukashiba?"

"Nilishiba."

"Chakula kilikuwa na chumvi au hakikuwa nayo?"

"Kilikuwa nayo."

"Mheshimiwa, sina swali zaidi."

Watu wakacheka nyuma. Nikarudi kukaa, masikio yanawaka. Hiyo ndiyo shida ya ukatili wa namna hii. Ukiuvunja vipande ukaleta kimoja kimoja mahakamani, kila kipande ni kidogo, kinachekesha. Kopo gani, chumvi gani, nani asiyewahi kununiana na mkewe? Mahakama Kuu, kwenye uamuzi ulioripotiwa mwaka 1983, ilieleza ukatili kuwa ni mwenendo wa makusudi usio na sababu ya haki, wenye kuhatarisha maisha, viungo au afya, ya mwili au ya akili, au wa kumfanya mtu awe na hofu ya msingi ya hatari hiyo. Maneno hayo asili yake ni mahakama za Uingereza za karne ya 19. Nimeyachapa mara nyingi kiasi kwamba vidole vinayajua. Lakini hayakwambii jinsi ya kuipima chumvi.

Aliyeipima ni hakimu, na hakutumia maneno makubwa. Dada alipoitwa tena kufafanua, hakimu aliacha kuandika akamwuliza:

"Huyu mtoto mdogo, wa kike, akishikwa na homa usiku ulikuwa unamwambiaje baba yake?"

"Namwamsha kaka yake."

"Akafanye nini?"

"Akamwambie. Aseme, baba, mama anasema mtoto ana homa."

"Na baba anajibu nini?"

"Anamwambia, mwambie mama yako asubiri kukuche."

Mzee wa baraza wa upande wa kulia alikuwa anasinzia tangu asubuhi, au ndivyo tulivyodhani. Akainua kichwa.

"Binti, mlikuwa mnalala vyumba tofauti wewe na mumeo?"

"Hapana mzee. Kimoja."

"Na huyo kijana?"

"Chumba cha pili."

Mzee akamtazama shemeji. Hakuuliza kitu kingine. Hakimu akamwuliza shemeji kama ana swali kwa mdai. Shemeji akasimama, akamtazama dada, na kwa mara ya kwanza nikaona kilichokuwa kikitokea sebuleni kwao: alifungua mdomo, akageuka kwa hakimu, akasema, "Mheshimiwa, mwulize kama nimewahi kuwanyima matibabu." Hakimu akamwambia, "Yuko mbele yako. Mwulize wewe." Akakaa.

Ndoa ilivunjwa mwanzoni mwa 2014. Watoto wakabaki kwa mama. Binti hakuwa na ugumu wowote, kwani sheria huanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kijana alitoa maoni yake mwenyewe. Kwenye mali, shemeji alisema nyumba na gari ni jasho lake. Akasomewa uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983, ule wa Bi Hawa Mohamed, uliosema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali. Dada alipata sehemu. Haikuwa nusu, lakini ilitosha kiwanja na kibanda huku Nzuguni.

Kuhusu mahari mahakama haikuamuru chochote, na wala hakuna aliyeiuliza. Waliokuja ni wazee wa upande wa shemeji, wakakaa na wa kwetu chini ya mkwaju ule ule. Walihesabu wanavyojua wao: watoto wawili wamezaliwa, miaka kadhaa imeishiwa, basi warudi ng'ombe wawili, yaishe. Baba mkubwa akanitazama. Nilikuwa nimeshajua.

Nilikopa, nikanunua wawili mnadani, mmoja ana mimba. Nikakodi Fuso. Yule kijana, miaka kumi sasa, akaomba twende wote akamsalimie baba yake, na dada akamruhusu. Alikaa katikati yangu na dereva, anahesabu malori mpaka Kibaigwa.

Shemeji alikuwa amesimama getini. Nilimsalimia. Tuliteremsha ng'ombe, akawazunguka, akawashika mikia, akawaangalia meno. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka alipo. Kijana amesimama kati yetu, mkono kwenye pembe ya yule mwenye mimba.

"Mwambie mjomba wako," akasema, "wamefika wote wawili."

Mtoto akanigeukia. "Mjomba, wamefika wote wawili."

Nikajikuta nimeinama, namjibu mtoto.